Wananchi Wameshinda, Mbili kwa Moja

Hakuna mtu wa Busi aliyewahi kupiga kura Kenya. Mpaka wa Namanga wengi wetu tunausikia kwa madereva wa malori tu. Hata hivyo, kila baada ya miaka mitano kijiwe chetu cha kahawa, pale jirani na mashine ya kusaga, hugeuka tume ya uchaguzi ya Kenya, na mwenyekiti wake ni baba mdogo wangu. Hakuteuliwa na mtu. Ana redio, ana nafasi, na ana sauti inayovuka korongo bila kipaza sauti. Sisi Watanzania tunaifuata siasa ya Kenya kama ugomvi wa nyumba ya jirani: unausikia wote, huchangii hata senti, na ukichoka unafunga dirisha ukalale.

Kwa hesabu ya baba mdogo, Kenya ina makabila mawili. Kuna Wakikuyu, wanaopenda hela, na kuna Wajaluo, wanaopenda Kiingereza na samaki. Hao wengine, ambao wanavuka arobaini, yeye anawaita wasindikizaji. Mwaka 2022 William Ruto alipojitokeza kupambana na Raila Odinga, nadharia ilipata ufa, maana kuna aliyesema kijiweni kwamba Ruto si Mkikuyu wala Mjaluo, ni Mkalenjin. Baba mdogo alimaliza kahawa yake kwanza.

"Wakalenjin si ndio wale wa riadha?"

Akaambiwa ndio wao.

"Basi kazi imekwisha. Mtu wa mbio ndefu anaanza nyuma, anamaliza mbele."

Kuna wachambuzi waliolipwa kwa kazi hiyohiyo, wakiwa na tai shingoni, na wakakosea.

Raila naye, baba mdogo alimkataa kwa sababu nyingine. Muungano wake uliitwa Azimio la Umoja. Kwa Mkenya hilo lilikuwa jina la kampeni, na majina ya kampeni kule hubadilika kama bei ya nyanya. Lakini mzee wa Kitanzania anajua Azimio moja tu, lile la Arusha la Februari 1967, na anajua nini kilikuja nyuma yake: operesheni vijiji ya miaka ya 70, malori, na nyumba kupangwa kwa mistari. Baba mdogo aliposikia Wakenya wanaletewa Azimio, aliwaonea huruma ya kweli. "Hawajui hao," alisema. "Watapangwa mistari." Nikamwambia kwamba Raila hana mpango wa kumhamisha mtu. Akaniuliza kama na mimi nilikuwepo 1967. Sikuwepo.

Upande wa Ruto hapakuwa na mashaka. Alama ya chama chake ilikuwa wilbaro, na wilbaro haijawahi kumhamisha mtu yeyote. Kijana mmoja wa hapa anayesukuma maji kwa wilbaro kutoka bombani mpaka leo anaitwa Ruto, na anaitika.

Ujuzi huu hatukuuanza jana. Kizazi cha baba mdogo kilikua kikiambiwa kwamba Wakenya ni manyang'au, mabepari wanaotafunana. Februari 1977 mpaka ulifungwa, katikati ya mwaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa, na mpaka haukufunguliwa mpaka 1983. Februari hiyohiyo, tarehe 5, TANU na ASP ziliungana, ikazaliwa CCM. Ni mwaka mzito. Lakini mwulize baba mdogo 1977 kulitokea nini, atakujibu kabla hujamaliza swali: Simba ilimfunga Yanga sita bila. Ni kweli, ilikuwa Julai. Hayo mengine anaona ni ya vitabuni.

Sasa mwaka huo wa 2022, katikati ya joto la matokeo, akatufikia Mkenya mwenyewe, mzima, na begi lake. Alikuwa amepiga kura kwao Jumanne tarehe 9 Agosti, kesho yake akapanda gari, akavuka Namanga, akashika lami ya Babati hadi Kondoa, halafu vumbi hadi kwetu. Alikuja kununua mbaazi na alizeti, na kwa kuwa ghala alilopanga ni langu, akalala kwangu. Alisema anakimbia kelele. Kule kwao, alisema, siku za kusubiri matokeo mtu hata chai inampalia.

Kijiweni hakuna aliyemuuliza kabila. Hilo lingekuwa utovu wa adabu. Walichofanya ni kumtungia mtihani bila yeye kujua kama yumo kwenye chumba cha mtihani. Alipotoa hela akazihesabu mara mbili, baba mdogo akanikonyeza: Mkikuyu. Alipomwachia muuza kahawa chenji, jicho likashuka. Alipoongea na simu kwa Kiingereza cha kasi, likapanda tena: Mjaluo. Akaletewa samaki mkavu, akasema hapana, yeye angependa nyama. Hapo mzee aliishiwa makabila. Akakubali kushindwa kiungwana, akauliza.

"Kijana, kwani wewe ni wa upande gani?"

"Mimi Mmeru, mzee."

Kijiwe kizima kilipumua. "Aaah! Si useme! Wa Arusha!"

Akaanza kuelezwa nyumbani kwake. Tengeru na ndizi zake. Usa River. Akakumbushwa habari za Kirilo Japhet, Mmeru aliyekwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kudai ardhi ya wenzake, akaambiwa ana haki ya kutembea kifua mbele. Mgeni alijaribu kusema kwamba Wameru wa Kenya ni watu wengine, lugha nyingine, mlima mwingine. "Mlima ni mlima," akaambiwa. Tangu siku ile, pale kijiweni, yeye alikuwa Mtanzania aliyepotea njia kidogo.

"Na huko mnalima nini zaidi?" muuza kahawa akauliza.

"Chai iko, kahawa iko," akajibu kwa moyo mweupe. "Lakini pesa yenyewe iko kwa miraa."

Nitaeleza kwa faida ya msomaji wa Kenya: kilichoko Meru kwa jina la miraa, hapa ni mirungi, na mirungi Tanzania imo kwenye sheria ya dawa za kulevya. Nitaongeza kwamba aliyekaa mkono wake wa kushoto, akivunja kashata, alikuwa mtendaji wa kijiji. Kashata ilisimama njiani. Mtendaji akatutazama mmoja mmoja, kama anayechukua majina.

"Amesema anauza nini?"

"Mihogo," baba mdogo akadakia. "Wakenya lafudhi yao ndivyo ilivyo."

Ukweli ni kwamba mgeni naye alikuja na makabati yake tayari yamejaa. Alishajua kwamba Watanzania ni wapole, ni wachawi, na hawana haraka. Hayo hatubishani nayo, kila mtu ataona mwenyewe. Kosa lake lilikuwa kwamba kwa kuwa Busi iko Mkoa wa Dodoma, sisi sote alitufanya Wagogo. "Nyinyi Wagogo mko na roho nzuri," alimwambia mama mmoja aliyekuwa anauza mbaazi. Mama yule ni Mrangi, kazaliwa na Warangi, kaolewa na Mrangi. Debe lake lilikuwa na bei ya kuzungumza. Ghafla bei ikaacha kuzungumza.

Wala asijione mpweke, maana Dar es Salaam nako ni hivyohivyo. Mkoa wetu una Wagogo, una Warangi, una Wasandawe ambao lugha yao ina vidoko, una Waburunge, lakini ukifika Kariakoo ukasema unatoka Dodoma, wewe ni Mgogo na kwenu ni ombaomba. Hadithi ya ombaomba ni ya zamani na haina huruma. Ilitokana na watu wa miaka ya njaa waliofuata barabara hadi mjini, ikawabakia mgongoni hata wasiowahi kuomba chumvi. Kilichonifurahisha mimi ni namna kibandiko hicho kilivyobadilika rangi. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali yote inahamia Dodoma, na wizara zikahamia kweli. Zamani ukijitambulisha unatoka Dodoma, mtu alishika mfuko wake. Siku hizi anakupa wasifu wa mwanawe umfikishie waziri. Kutoka Kondoa hadi Dodoma mjini ni zaidi ya kilomita 150, na kutoka kwangu hadi kwa waziri yeyote ni zaidi ya hapo, lakini wasifu wa watoto wa watu ninao, umejaa droo.

Wazungu nao wana makabati yao. Alipita binti wa Kijerumani akielekea Kolo kuona ile michoro ya mapangoni ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Akamuuliza mwenyekiti wa kijiji kama CCM ni chama cha kushoto au cha kulia. Mwenyekiti akafikiri, asije akakiweka chama pabaya mbele ya mgeni. "Kiko mbele," akajibu. Binti akaandika. Na sioni mtu ambaye angempa jibu bora: Katiba yetu bado inasema nchi hii ni ya kijamaa, na wakati inasema hivyo, pembeni yake kuna duka la mwenyekiti, mashine ya mwenyekiti na trekta la mwenyekiti.

Turudi kwa Mmeru. Siku ya mnada alitaka kuona mifugo, nikampeleka. Mbuzi wa baba mdogo wenye mabaka walikuwa wamejichanganya na wa mtu mwingine, wote weupe, na mzee alikuwa anawapigia kelele vijana wamtenganishie mali yake. Mimi niligeuka kusalimiana na mtu. Nyuma yangu nikasikia ile sauti inayovuka korongo:

"Ondoeni madoadoa! Madoadoa yote yatoke! Asibaki hata mmoja, hawa si wa hapa!"

Nilipogeuka mgeni wangu alikuwa ameshaweka mgongo kwenye lori na anatafuta njia kwa macho. Uso umekuwa wa majivu. Vijana wawili wenye fimbo walikuwa wanakuja mbio upande wake, kwa sababu mbuzi mmoja alikuwa amejificha chini ya lori lilelile.

Ilinichukua muda kumwelewa. Kule Bonde la Ufa, tangu vurugu za miaka ya 90, "madoadoa" ni watu: wale wa kabila jingine wanaoishi katikati yenu, ambao mwanasiasa anataka waondoke. Januari mwaka huohuo wa 2022 seneta wa Meru, Mithika Linturi, alilitamka neno hilo kwenye mkutano wa hadhara Eldoret, akakamatwa. Aprili, tume yao ya utangamano ililiweka kwenye orodha ya maneno ya chuki. Yaani mgeni wangu alitoka nchi ambayo seneta wake mwenyewe alilazwa ndani kwa neno hilo, akaja kulisikia Busi likipigwa mayowe na mzee wa miaka sitini na zaidi, na watu wakicheka. (Linturi, kabla mwaka haujaisha, aliteuliwa waziri wa kilimo na mifugo, mbuzi wa madoa wakiwemo.)

Baba mdogo alipoelezwa alisikitika kwelikweli. Akamletea mgeni soda. Halafu akashindwa kuvumilia.

"Sasa mbuzi wa namna hii, Kenya mnawaitaje?"

Mgeni akafikiri kwa uzito wa mtu anayetoa ushahidi mahakamani. "Siku hizi tunawaita mbuzi tu, mzee."

Lakini kilichomkosesha usingizi hasa ni walimu wetu. Shule yetu ina walimu wa kila pembe ya nchi, maana serikali inapangia watu vituo bila kuuliza mtu kwao ni wapi, na mimi naona huo ni mmoja wa ujanja mkubwa wa Tanzania. Nyumba ya pili kutoka kwangu anakaa madamu wa Kiswahili, Mngoni wa Songea. Nyumba ya nne, mwalimu wa hesabu, Mhehe wa Iringa. Asubuhi moja, alfajiri bado haijakaa sawa, mwalimu wa hesabu akaingia uani kwa madamu, akamkamata jogoo kwa miguu, akaondoka naye mchana kweupe wa alfajiri, anapaza sauti:

"Mtumwa wangu amechelewesha kodi! Nachukua mwenyewe!"

Madamu akatoka na mwiko. "Mla mbwa wee! Mbwa wameisha Iringa mpaka unakula kuku za watu? Nenda ukajinyonge na kamba yenu!"

Majirani wakatoka kutazama. Mgeni wangu naye akatoka, ila yeye alikuwa amevaa viatu na amebeba begi.

Nikamkalisha. Nikamwambia hao ni watani. Wangoni na Wahehe walipigana vikali karne ya 19, hakuna aliyemmaliza mwenzake, na badala ya kuendelea kuhesabu makaburi wakawekeana utani. Mhehe anaweza kumwita Mngoni mtumwa, Mngoni anaweza kumwita Mhehe mla mbwa, na wote wawili wana haki ya kuingia uani kwa mwenzake. Mmoja akifiwa, mtani anakuja, anaigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anazuia jeneza mpaka alipwe, watu waliokuwa wanalia wanacheka. Tuna jozi kama hizo kila mahali: Wazaramo na Wanyamwezi, na wengine chungu nzima. Wapare na Wachaga nao wanasutana kwa ubahili na tamaa ya hela mpaka mtu wa nje anadhani vita iko karibu.

"Na jogoo?" akauliza.

"Tutamla wote mchana. Na wewe umealikwa."

Alikuja. Alikula paja moja, kwa tahadhari, akimtazama madamu na mwalimu wa hesabu wakigombania kidari, na kila tusi jipya lilipotoka alisimamisha tonge. Nilimwona anajaribu kuhesabu nani kati yao yuko salama. Kwao, aliniambia, mtu akikuita hivyo hadharani, unaangalia ni mwaka gani. Kama si wa uchaguzi, unacheka. Kama ni wa uchaguzi, unaanza kupakia vitu. Alikumbuka 2007 ilivyoingia 2008: zaidi ya watu 1,100 walikufa, na laki kadhaa wakalala kwenye mahema. Maneno yaliyotangulia yalikuwa yaleyale ya kuchekea miaka mingine yote.

Hapo tukaanza kuvimba, kama kawaida yetu. Mwalimu wa hesabu akasema Tanzania hatuna ukabila. Madamu akaunga mkono mla mbwa wake. Mimi nikaongeza la Mwalimu Nyerere na Kiswahili. Mgeni akasikiliza mpaka tukamaliza, akaweka mfupa pembeni ya sahani, akauliza kwa upole tuliomwambukiza sisi wenyewe:

"Na wale Wapemba?"

Ikawa zamu yetu kusimamisha matonge. Mwaka 2001, alisema, alikuwa kijana anauza miraa Kwale, na aliwaona kwa macho yake Wapemba wakishuka Shimoni kwenye mashua. Maandamano ya CUF, chama cha upinzani, ya Januari mwaka ule kule Zanzibar yalivunjwa kwa risasi, watu wakafa, na kiasi cha watu 2,000 wakavuka bahari kwenda Kenya. Sisi tuliojisifu kupokea wakimbizi wa dunia nzima tulikuwa na wa kwetu kule, wakigawiwa unga. Visiwani ilikuwa inatosha mtu kuitwa Mpemba, au Hizbu kwa jina la chama cha kabla ya Mapinduzi, ili ijulikane kura yake imekwenda wapi. Na bara je? Chadema tuliibandika "chama cha Wachaga" kwa kuwa mwasisi wake, Edwin Mtei, na baadaye Freeman Mbowe, wote ni wa Kilimanjaro. CUF tukaibandika Uislamu. Hayo hayakutoka kwa mtani yeyote. Mtani anajulikana kwa jina na nyumba, unamjibu palepale, na ukifiwa anakuja kuzuia jeneza. Aliyesimama jukwaani akakubandika kabila lako hutamwona msibani.

Nadhani ndiyo sababu mgeni husikia vibaya kila mahali. Neno linamfikia bila karatasi zake. Sisi Busi tuliyachekea ya Kenya kwa miaka yote tukidhani ni utani, yeye alikuja kuuogopa utani wetu akidhani ni ya Kenya, na lile moja lililokuwa la kuogopwa kwetu alilijua yeye.

Madamu alivunja ukimya kwa kumwambia mwalimu wa hesabu arudishe manyoya, ni ya kodi ya mwaka ujao.

Jumamosi tarehe 13 usiku, sasa. Siku ya nne tangu kura, Chebukati, mwenyekiti wa tume halisi ya uchaguzi ya Kenya, bado hajatangaza matokeo pale ukumbi wa Bomas, na vyombo vya habari vya Kenya kila kimoja kina jumla yake. Nyuma ya ghala langu kuna jiwe. Ukipanda pale, ukanyoosha mkono upande wa kaskazini, unapata mtandao, kidogo. Mgeni alikuwa amesimama juu ya jiwe tangu magharibi, simu juu. Sisi wengine tulikuwa kibanda umiza, maana Simba na Yanga walikuwa wanacheza Ngao ya Jamii.

Simba ilitangulia kwa bao la Pape Sakho. Baba mdogo aliruka akakanyaga kahawa ya mtu. Kipindi cha pili Fiston Mayele akarudisha, halafu akaongeza. Filimbi ikapigwa, kibanda kikatapika watu wenye jezi za kijani na njano, wanakimbia barabarani wanapiga sufuria:

"Wananchi! Wananchi tumeshinda!"

Msomaji wa Tanzania anajua kwamba Wananchi ni Yanga. Mtu aliyesimama juu ya jiwe gizani, anasubiri rais mpya, na aliyezoea kwamba njano ni rangi ya UDA ya Ruto, hajui. Aliruka, akamkamata kijana wa kwanza kwa bega.

"Wametangaza? Nani ameshinda?"

"Wananchi!"

Baadaye alikiri kwamba jibu lile lilimgusa. Hakuwahi kusikia uchaguzi wa Kenya ukielezwa hivyo.

"Kwa ngapi?"

"Mbili kwa moja!"

Hapo ndipo alipoanza kupiga hesabu. Mbili kwa moja ni kama asilimia 66, na kwenye simu yake wagombea walikuwa wanakabana koo. Akamwona baba mdogo anatoka kibandani peke yake, koti begani, hajibu salamu ya mtu. Akamkimbilia.

"Mzee, ni kweli?"

"Wameiba," akasema baba mdogo.

"Una uhakika?"

"Nimeona kwa macho yangu. Refa ni wao."

"Chebukati?"

"Jina lake silijui. Lakini huyo ni wao siku nyingi."

"Sasa watu watafanya nini?"

Baba mdogo akawatazama vijana kwa chuki. Walikuwa wanamwigiza Mayele, mikono mbele, mwili mzima unatikisika. "Watatetema tu. Si unawaona?"

"Na wewe mzee, mliyeibiwa?"

"Mimi nakwenda kulala. Ligi bado ndefu."

Nilimkuta mgeni kesho yake alfajiri akiwaeleza watu wa kwao kwa simu, kwa sauti ya mtu aliyeshuhudia muujiza, kwamba Tanzania ni nchi ya amani ajabu: mzee anaibiwa kura usiku, anakunja koti anakwenda kulala. Alikuwa amemwambia mkewe afunge duka. Nikamwacha amalize sentensi, halafu nikamweleza. Alikaa chini. Alicheka mpaka akashika jiwe.

Jumatatu wakatangaza kweli. Makamishna wanne kati ya saba wakayakana matokeo, wale watatu wakayasoma: Ruto asilimia 50.49, Raila 48.85. Mgeni hakusema alimpigia nani, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyejaribu kumkisia. Baba mdogo aliagiza kahawa kwa kijiwe kizima kwa ajili ya mbio ndefu, na Ruto wa bombani akapandishwa juu ya wilbaro yake mwenyewe akazungushwa hadi msikitini na kurudi. Mtendaji akaja kuuliza kama mkutano huu una kibali.

Lori la mbaazi liliondoka wiki ile. Raila alikwenda Mahakama ya Juu, na mzee akawa ananisumbua kila siku nimpigie Mmeru wake ajue kesi imefikia wapi. Alitaka kujua majaji ni wangapi. Akaambiwa saba. Akaridhika, kwa kuwa saba hawawezi kutoka sare.

Tarehe 5 Septemba simu ikaita tukiwa kijiweni. Nikaiweka sauti ya wazi. Mgeni akasema mahakama imeyathibitisha matokeo, majaji wote kwa kauli moja, hakuna hata mmoja aliyepinga.

"Yaani saba bila?" baba mdogo akauliza.

"Saba bila, mzee."

Alinyamaza kidogo, anaipima kichwani. "Hao ni hatari," akasema. "Sisi 1977 tulikomea sita."